Bati au makuti? Nyumba tunazojenga Kwale siku hizi

Mwezi wa Februari mwaka 2016 nilifika nyumbani Kinango usiku, bila ya kutoa habari, nikamkuta mama yangu amelala jikoni. Jiko lenyewe ni kibanda cha fito na udongo kilichoezekwa nyasi, nacho kimesimama nyuma ya nyumba ya matofali niliyomjengea mwaka uliotangulia kwa mkopo ambao wakati ule nilikuwa bado naulipa. Katika nyumba ile mlikuwa na vyumba vitatu, kitanda kipya, godoro jipya, na madirisha ya kioo yenye vyuma vya maua. Yote hayo yalikuwa yamefungwa kwa kufuli. Mama alikuwa chini, juu ya mkeka, miguu ameielekeza mlangoni, na mbuzi mmoja mgonjwa yu pembeni mwake.

Nilidhani ameugua. Nilidhani pengine ameogopa jambo. Aliponiona akaketi, akanipokea mkoba, akaniuliza hali ya wajukuu, ndipo akaniambia bila ya kunitazama: "Nyumba yako ni nzuri, mwanangu. Ni nzuri ya kuweka vitu."

Usiku ule nililala mimi katika nyumba nzuri. Kufika saa sita shuka zilikuwa zimelowa jasho. Bati lilikuwa likialika juu ya kichwa changu kwa kupoa, na ukuta wa upande wa magharibi, ukiugusa kwa kiganja, ulikuwa kama ubavu wa sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Saa nane nikachukua mto wangu nikaenda jikoni.

Naisimulia aibu hii mapema ili msomaji ajue kwamba niyasemayo hapa juu ya nyumba za wenzangu yameanzia kwangu. Mimi ni mwalimu, si fundi wala mchoraji wa ramani. Lakini tangu usiku ule nimekuwa mtu wa kutazama mapaa. Nikiwa ndani ya matatu shingo yangu hainyooki, na watu wa nyumbani kwangu wamekwisha kuchoka na maswali yangu.

Hebu shuka kivuko cha Likoni, ushike barabara ya Ukunda, kisha uingie Diani, upande ule wa pwani ambako nyumba zimejificha nyuma ya kuta na mabougainvillea. Humo wanajenga watu wenye nafasi zao: Wazungu waliostaafu, matajiri wa Nairobi, na wenye nyumba za kukodisha wageni. Kila mmoja anataka nyumba iliyochorwa kwa ajili yake peke yake, isiyofanana na ya jirani, na mwisho wake zote zafanana. Paa ni la makuti, refu kama mlima, limebebwa na magogo ya mvinje. Chini yake sebule haina ukuta wa mbele kabisa. Upepo unaingia na kutoka upendavyo. Viti havinunuliwi dukani, bali ni baraza za simiti zilizojengwa pamoja na ukuta na kutandikwa magodoro. Kuta zimesuguliwa chokaa laini, ile iitwayo niru, na ndani yake mna vidaka vya kuwekea taa. Mlango ni wa nakshi. Bafu halina paa, mtu huoga akitazama mnazi. Watangazaji wa nyumba hizo wanasema ni mtindo wa Kiswahili, na bei yake sitaitaja hapa kwa kuwa mama yangu huenda akasomewa makala haya.

Sasa rudi Kombani, panda hadi mji wa Kwale, pita kando ya msitu wa Shimba, uteremke upande wa pili kuelekea Kinango. Hewa inabadilika pale pale. Vilima vya Shimba huuzuia upepo wa bahari na kuchukua sehemu kubwa ya mvua yake, na sisi tulio nyuma yake twapata masazo. Nyumba nazo zinabadilika. Mtu aliyepata kazi Mombasa, au aliyeuza ng'ombe, au ambaye mwanawe yuko Saudia, anajenga kwa matofali ya simiti. Bati lake ni la rangi ya damu ya mzee, au la kijivu cha mkaa ambacho ndicho kinachopendwa zaidi siku hizi. Paa liko chini, karibu na kichwa, kwa sababu kila safu ya matofali ina gharama yake. Wengine hulificha paa nyuma ya ukuta ili nyumba ionekane bapa kama sanduku. Madirisha ni makubwa, ya vioo vya kusukuma, ambavyo hata ukivifungua vyote ni nusu tu ya dirisha iliyo wazi. Baraza hakuna. Mti uliokuwapo umekatwa ili nyumba ionekane kutoka barabarani. Na ramani, mara nyingi, imenunuliwa kwa simu kutoka kwa mchoraji ambaye hajapata kukanyaga Kinango wala hajui kaskazi ni nini.

Kwa hivyo pana kioja katika kaunti yetu. Mwenye fedha wa Diani anajijengea nyumba ya bibi yangu, na mjukuu wa bibi yangu anajijengea nyumba ya Nairobi, mahali penye baridi ya kuvaa sweta mwezi wa Julai.

Nyumba ya bibi yangu naikumbuka vizuri. Ilikuwa ya nyasi tangu kileleni hata karibu na ardhi, na ili uingie ilikubidi uiname. Sisi Waduruma, kama Wamijikenda wenzetu, hatukuwa na desturi ya madirisha. Ndani kulikuwa na giza, na mtoto aliyetoka juani alisimama kwanza kidogo ili macho yazoee. Lakini palikuwa na ubaridi. Tabaka nene la nyasi hushika hewa ndani yake, na hewa iliyoshikwa haipitishi joto upesi. Paa lilishuka chini likaufunika ukuta, hivyo jua halikuupiga ukuta hata kidogo. Na hewa ya moto, ambayo tabia yake ni kupanda, ilipanda hadi kileleni ikajipenyeza nje kupitia nyasi zenyewe pamoja na moshi.

Moshi huo haukuwa uchafu tu. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga, ambao wengi wetu huuita lutsaga, nao ndio uliokuwa ghala ya mahindi. Moshi uliyafukiza mahindi yasiingie fukusi, kisha ukaendelea kupanda ukazifukiza nyasi na fito, mchwa na wadudu wakakaa mbali, na paa likadumu. Jiko, ghala, dawa ya wadudu na matengenezo ya paa, yote yalikuwa moto mmoja. Macho ya akina mama yalilipa gharama yake, hilo nalo lazima lisemwe. Bibi yangu alikuwa akitokwa na machozi siku zote, na vifua vya wanawake wa zamani nani aliyevipima?

Watu wa mijini, wa Lamu na Mombasa, walikuwa na njia yao. Walijenga kwa matumbawe na chokaa, kuta za unene wa nusu mita, na upana wa vyumba ulipimwa na urefu wa boriti za mikoko, ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Katikati waliacha kiwanda kilicho wazi juu, hewa ipate pa kupandia. Ukitaka kuonja ubaridi wa ukuta mnene usiende mbali. Nenda Msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini mwisho wa Diani, chini ya mibuyu. Ingia adhuhuri. Walakini ukuta mnene nao una deni lake. Hunywa joto mchana kutwa na kulirudisha usiku, na pwani, ambako usiku haupoi sana, deni hilo hulipwa na anayelala. Ndiyo maana watu wa Lamu walipenda kulala darini, juu kabisa, chini ya kipaa cha makuti ambako upepo unapita.

Hayo ndiyo yaliyochukuliwa na Diani, nami siwalaumu. Kitu kizuri huigwa. Neno langu ni kwamba wameiga umbo, na umbo likiondolewa mahali pake hudai gharama. Makuti ya hoteli hayapati moshi wa jikoni. Kwa hivyo huliwa na wadudu na kuoza upesi zaidi, na baada ya miaka kama mitano hadi saba yanahitaji kubadilishwa. Ni lazima paa liwe la mteremko mkali, digrii 45 au zaidi, ama sivyo maji hukaa juu yake na kulivujisha. Ndiyo sababu ya ule urefu wa mlima. Na moto ukishika makuti hapana wa kuuzima. Si mara moja wala mbili hoteli na nyumba za pwani hii zimeteketea kwa cheche moja wakati wa kaskazi, na paa la jirani likafuata. Wengine sasa huweka bati kwanza, kisha makuti juu yake kama kofia, ili wapate sura bila ya kuvujiwa.

Mimi nilikuwa karibu kuingia katika mkumbo huo huo. Mwaka 2018, baada ya kuzunguka Diani na kujaza daftari zima, nilimwendea mama kwa furaha. Nikamwambia kwamba nimeona kosa langu, kwamba nitaliondoa bati lote, niezeke makuti kama nyumba za Wazungu, naye atalala kwa raha kama alivyolala kwa mama yake.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza: "Hayo makuti yatatoka wapi?"

Nikasema Msambweni. Sisi Kinango minazi yetu ni ya kuhesabu, ukame hauiachi.

"Na yakioza, mimi nitakwenda Msambweni? Na maji je?"

"Maji yapi, mama?"

"Maji ya mvua, mwalimu. Makuti yatanipa maji?"

Aliponiita mwalimu nilijua nimeshindwa, lakini sikujua bado jinsi nilivyoshindwa.

Katika kusoma kwangu niliipata baadaye habari ya Hassan Fathy, mchoraji mashuhuri wa Misri, ambaye katika miaka ya 1940 alipewa kazi ya kujenga kijiji kipya cha Gourna karibu na Luxor. Watu wa huko walikuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale, na serikali ilitaka kuwahamisha. Fathy aliwajengea kwa matofali ya udongo, kwa kuba na matao, nyumba za bei ndogo zenye ubaridi wa ajabu. Kitabu alichokiandika juu ya kazi hiyo, kilichotolewa Marekani mwaka 1973, kinasomwa na wachoraji duniani kote. Lakini wenyewe wengi walikataa kuhamia. Riziki yao ilikuwa kule kwenye makaburi, na tena husemwa kwamba machoni pao kuba ni kitu cha kumfunika maiti. Nilipoisoma habari hiyo nilijiona mimi na daftari langu la Diani.

Kisha ukaja ukame. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila ya mvua ya kutosha katika sehemu kubwa ya Kenya kavu, na mwezi wa Septemba 2021 serikali iliutangaza ukame ule kuwa janga la taifa. Kinango tuliuona kwa macho. Mabwawa ya udongo yalikauka yakapasuka kama nyayo. Ng'ombe walikufa. Nyasi, hata za kuezekea, zililiwa na mifugo na kwisha, na aliyekuwa na paa bovu la nyasi alikaa nalo hivyo hivyo. Mama yangu, mwenye zaidi ya miaka 70, alikuwa akinunua mtungi wa lita 20 kwa mtu wa punda, na siku punda asipokuja aliutafuta mwenyewe.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu ambayo mama aliifanya zamani bila ya karatasi. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya paa, huleta lita 1 ya maji. Basi nyumba ambayo paa lake ni mita 100 za mraba, hata mwaka mbaya ukileta milimita 500 tu, hupokea lita 50,000. Toa sehemu moja katika tano kwa ajili ya kumwagika na kukauka, zabaki 40,000, yaani mitungi 2,000. Nyumba inayotumia mitungi 4 kwa siku, tangi la lita 10,000 likijaa mwezi wa Desemba, litaivusha karibu miezi minne, kaskazi yote, mpaka mvua ya masika. Paa la nyasi au la makuti hunyonya sehemu ya maji hayo na kuyarudisha yakiwa ya rangi ya chai. Bati la mama yangu, ambalo nilikuwa nikilionea haya kwa miaka, ndilo lililokuwa kisima chake. Nami nilikuwa nimelifunga bila ya gata hata moja.

Kwa hivyo swali likawa jingine. Si bati au makuti. Ni vipi bati lifundishwe tabia za nyasi.

Mwaka 2023, katikati ya mwaka, niliajiri fundi wa Kinango, mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Nyumba ilikuwa pale tayari na fedha zilikuwa chache, hatukuweza kuigeuza. Kosa lake kubwa nililiona sasa: nilikuwa nimeijenga kwa urefu wa kaskazini kwenda kusini, ili uso wake utazame barabara, na chumba cha mama nimekiweka upande wa magharibi. Kinango iko karibu digrii 4 kusini ya Ikweta. Jua la huku hupita juu ya utosi mapema mwezi wa Machi na tena mapema Oktoba, na miezi mingine haliendi mbali. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini ni rahisi kuukinga. Upenu wa mita 1 hufunika karibu mita 2 za ukuta wakati wa adhuhuri. Lakini ukuta wa mashariki na wa magharibi jua huujia kutoka chini, asubuhi na jioni, na hapana upenu unaouzuia. Kama ningeulaza urefu wa nyumba mashariki kwenda magharibi, kuta ndefu zingepata kivuli, na tena zingekuwa tayari kupokea upepo, maana pepo zetu mbili, kaskazi na kusi, hutoka upande wa kaskazini-mashariki na wa kusini-mashariki. Wajenzi wa ramani za simu huitazamisha nyumba barabarani. Nami ndivyo nilivyofanya, bila hata ya simu.

Fundi alizunguka nyumba mara mbili, akasema: "Mwalimu, hii tuivue kofia kwanza."

Tukaivua. Tukainua kuta safu nne za matofali. Paa tukalipa mteremko mkali zaidi, na mapenu tukayatoa nje, upande wa magharibi yakawa baraza nzima ya upana wa mita 2 na nusu, yenye nguzo na benchi la simiti. Katika zile kuta za pembetatu chini ya mgongo wa paa, mbele na nyuma, tukatia matofali ya matundu ili hewa ya moto ipate mlango wa kutokea. Chini ya bati tukaweka dari la mbao nyembamba. Hewa iliyo kati ya dari na bati ndiyo inayofanya kazi ya nyasi, mradi isifungiwe. Vioo tukaviondoa, tukaweka madirisha ya mbao ya vipande vinavyolala, yapitishayo upepo hata yakifungwa. Chumba cha magharibi kikawa ghala, na mama akahamishiwa kona ya kusini-mashariki.

Tulipokuja kwenye rangi ya bati tulibishana. Mimi nilitaka jeupe la maziwa, kwa sababu rangi nyeupe hulirudisha jua na rangi ya mkaa hulimeza. Fundi aliona haya kwa niaba yangu. Alisema watu watadhani ni zahanati. Nikamwambia wadhani. Ni zahanati ya mwenyeji.

Gata tulizungusha pande zote, tukaweka tangi la lita 10,000 upande wa magharibi makusudi, ili nalo liupe ukuta kivuli, na bomba la kumwagia maji ya mvua ya kwanza, ambayo huosha vumbi na mavi ya ndege. Miarubaini mitatu ikapandwa. Mwisho wa mwaka huo mvua za El Niño zikaja kwa fujo, zikaharibu barabara na mazao ya watu, na tangi la mama likajaa kwa siku chache na kuanza kufurika.

Nisije nikaonekana nimemaliza kila kitu. Popo waliyaona matundu kabla ya hewa kuyaona. Tulilazimika kuziba kwa wavu wa waya. Wavu wa mbu nao, ambao hauepukiki, hupunguza upepo dirishani, na kulipata lile linalotosha ni kufanya dirisha kuwa kubwa zaidi, na dirisha kubwa humfanya mama awafikirie wezi. Tulitia vyuma. Na mahindi yaliyomo katika ghala lile lisilo na moshi yaliingiliwa na dumuzi mwaka wa kwanza, debe kwa debe. Sasa yamo katika magunia yale ya plastiki yasiyopitisha hewa, ambayo hununuliwa; uchaga wa bibi ulikuwa wa bure.

Mwaka jana mpwa wangu alinijia na simu yake. Anajenga hatua mia kutoka kwa mama, kiwanja kitupu, nafasi ya kuanza upya. Ramani aliyonionyesha ilikuwa ya sanduku jeusi na jeupe, paa limefichwa, kioo kutoka sakafuni hadi juu, kikitazama magharibi.

"Jua la jioni litaingia mpaka chini ya kitanda," nikamwambia.

"Nitaweka mashine ya kupoza hewa, mjomba."

"Na umeme ukikatika?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema neno ambalo nimelifikiria sana. "Mjomba, nyinyi mlikulia nyumba ya nyasi, ndiyo maana mwaipenda. Mimi nilichekwa shuleni kwa sababu ya nyumba ya nyasi."

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Wageni wa Diani hulala chini ya makuti kwa wiki mbili na kurudi kwao. Hakuna anayewadhania kuwa wameshindwa kununua bati. Kijana wa Kinango hana ruhusa hiyo. Nyumba yake ni barua anayowaandikia majirani, nao wataisoma kila siku.

Tulizungumza jioni tatu, tukapatana nusu kwa nusu. Ameulaza urefu wa nyumba mashariki kwenda magharibi. Kuta amezijenga kwa matofali ya udongo mwekundu uliochanganywa na simiti kidogo na kubanwa kwa mashine, yanayoshikana bila ya simiti nyingi kati yake na yasiyochomwa kwa kuni, na hayo yalimpendeza kwa kuwa hayahitaji kupakwa. Kioo kikubwa amekigeuza kitazame kaskazini, chini ya upenu. Paa la kufichwa hakuliacha, wala sikuweza kumzuia, ila amekubali kuinua ule ukuta wa juu kwa matofali ya matundu badala ya ukuta mzima, ili chini yake hewa ipite, na mfereji wa ndani upeleke maji kwenye tangi. Fundi wetu anasema mfereji huo utavuja kwa ndani. Nami naogopa hivyo hivyo. Mvua zitasema.

Nguzo za baraza yake alitaka ziwe boriti za mikoko, kama alizoziona Diani. Hapo nilimpeleka Gazi, ambako tangu mwaka 2013 wanakijiji wanaulinda msitu wao wa mikoko na kulipwa kwa hewa chafu inayohifadhiwa na miti ile, na fedha hizo zimetumika kwa maji na shule. Huko wamepanda mivinje ili watu wapate miti ya kujengea bila ya kuigusa mikoko. Alirudi ameridhika na mvinje. Umenyooka zaidi, na ni wa bei nafuu.

Februari hii nilifika tena Kinango, safari hii kwa kutoa habari. Joto lilikuwa lile lile la kila kaskazi. Nilimkuta mama ameketi kwenye benchi la baraza ya magharibi, saa kumi na moja jioni, mahali ambapo zamani hapakukalika, akichambua kunde. Usiku alilala chumbani kwake, mlango wazi, nami nikasikia akikoroma.

Mimi nililala jikoni, kwa mapenzi yangu. Nimekwisha kuzoea kile kibanda, harufu yake ya moshi na nyasi zake ambazo sasa zimekuwa nyembamba upande mmoja. Asubuhi mama alinikuta nimelala, akaliangalia paa kwa muda, akasema kuwa nyasi hazipatikani tena na kwamba bati nane tu zingetosha kukiezeka, na gata fupi hadi kwenye tangi. Nikamwambia jiko liachwe lilivyo. Akaniuliza ni la nani. Tumeahirisha mazungumzo mpaka mwezi wa Desemba.